Moshi wa Jikoni, Maji ya Msituni



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo, lishe ya watoto na usafi wa choo. Mwezi huu tuangalie kitu kilichomo karibu katika kila nyumba ya Karatu na Ngorongoro, ambacho hatukihesabu kuwa adui wa afya kwa sababu tumezaliwa tumekikuta. Ni moto wa kuni na moshi wake.

Kwa kawaida mganga huzungumza juu ya moshi, bwana misitu huzungumza juu ya miti, na mfanyabiashara huzungumza juu ya bei ya mkaa. Kila mmoja ana mkutano wake. Lakini kwa mama anayepika mambo hayo hayatenganiki. Kuni inayomtoa machozi na kumjaza kifua imetoka porini. Miti ikipungua, chemchemi hupungua. Chemchemi ikipungua, mama yule yule hutembea mbali zaidi kutafuta maji, na mtoto wake huharisha kwa sababu maji yaliyopatikana ni machache na machafu. Ugonjwa huu una mizizi mingi, lakini mzizi mmoja uko jikoni kwetu, na huo tunaweza kuushika kwa mikono yetu wenyewe.

Kifua kisichopona

Sisi wauguzi tunamfahamu vizuri mgonjwa wa namna hii. Ni mama wa miaka hamsini hivi. Anakohoa miezi mingi. Amepimwa makohozi mara mbili, mara tatu, na kifua kikuu hakikuonekana. Amekunywa dawa za kikohozi za kila rangi. Akipanda kilima kidogo anahema kama aliyekimbia. Ukimwuliza, "Mama, unavuta sigara?" anacheka. Hajavuta hata siku moja. Lakini ukimwuliza alianza kupika akiwa na umri gani, atakuambia miaka saba au minane. Piga hesabu. Ni zaidi ya miaka arobaini, mara mbili au tatu kila siku, uso ukiwa juu ya moshi, na mara nyingi mtoto akiwa mgongoni.

Moshi wa kuni una chembechembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi tunaloliona kwenye mwanga wa jua dirishani. Vumbi kubwa hunaswa puani, tukapiga chafya likatoka. Chembe hizi ndogo hupita pua na koo, hushuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huko huunguza taratibu, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi peke yake. Huleta ugonjwa sugu wa mapafu, saratani ya mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Huharakisha mtoto wa jicho, ukungu ule unaowafanya bibi zetu washikwe mkono njiani. Mama mjamzito akiuvuta kila siku, yumo katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Kati yao watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa Tanzania, Serikali imetaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka. Wengi wa marehemu hao hawaandikwi popote kwamba wamekufa kwa moshi. Huandikwa nimonia, moyo, au uzee.

Mtoto mgongoni

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Akiwa mgongoni mwa mama anayepika, hupata moshi ule ule anaoupata mama, ingawa kifua chake ni kidogo kama ngumi. Kuishi katika moshi wa namna hiyo huongeza hatari ya nimonia kwa mtoto karibu mara mbili.

Kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa. Mtoto awe ametulia au amelala. Funua kifua, tazama kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa au simu. Anapumua haraka mno ikiwa:

– ana umri chini ya miezi 2, na pumzi ni 60 au zaidi;
– ana miezi 2 hadi 11, na pumzi ni 50 au zaidi;
– ana mwaka 1 hadi karibu kutimiza miaka 5, na pumzi ni 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, au amelegea, au ana degedege, usingoje asubuhi. Usimpake mafuta kifuani ukasubiri. Na kwa mtu mzima, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, hata kama unaamini ni moshi tu. Moshi na kifua kikuu huweza kukaa katika kifua kimoja.

Jiko la mkaa chumbani

Huku kwetu baridi si mchezo. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Karatu mjini nako mwezi wa Juni na Julai watu hulala na makoti. Hivyo wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, wakalala. Baadhi yao hawaamki.

Mkaa unaowaka hautoi moshi wa kuonekana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushika nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi mzito. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, toa na jiko, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama mkaa unaonekana umekwisha kuwa majivu. Blanketi la ziada ni nafuu kuliko jeneza.

Mafiga matatu yaliyo chini sakafuni yana hatari nyingine. Mtoto anayeanza kutembea hujikwaa akaangukia moto au sufuria ya uji. Mgonjwa wa kifafa huanguka motoni, na watu huogopa kumgusa wakidhani ataambukiza. Kifafa hakiambukizi, mvute mara moja. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala mafuta. Mfunike kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali.

Sisemi haya kuwadharau wazee wetu. Moto wa ndani katika nyumba ya Kimaasai au ya Kiiraqw si ujinga. Unapika, unatia joto, unaangaza, unafukuza wadudu na kukausha mahindi darini. Anayetaka tuuache moto huo lazima atuonyeshe ni nini kitafanya kazi hizo zote. Hilo tutalijadili hapa chini. Kwanza tutoke jikoni kidogo, twende mahali kuni na maji yanakotoka.

Msitu ulio juu yetu

Ukisimama Karatu ukatazama kaskazini, unaona ukuta wa kijani kibichi umefunikwa na ukungu. Huo ni msitu wa nyanda za juu kaskazini, ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1959, ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, na mwaka 1979 UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huijia kreta, faru na simba. Lakini sisi tunaoishi chini ya mlima tunakula na kunywa kutokana na msitu.

Kazi yake ni hii. Pepo zenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa na kuacha mvua upande wa mashariki na kusini. Upande wa magharibi, mlima ukishakinga mvua, nchi hukauka. Hata siku isiyo na mvua, majani na ndevu za miti hunasa ukungu ukadondoka tone kwa tone. Majani makavu na mizizi huzuia maji yasikimbie, yakaingia ardhini polepole, yakatokea huko chini kama chemchemi. Mlima ukiwa uchi, mvua ile ile hushuka kwa siku moja kama mafuriko, hubeba udongo wa shamba, na baada ya wiki mbili tunaanza kulia ukame.

Maji ya milima hii hayaendi baharini. Huishia katika maziwa yetu, Manyara na Eyasi. Miti mirefu ya Hifadhi ya Ziwa Manyara husimama kwa sababu ya chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa bonde la ufa. Upande wa Eyasi, vitunguu vya Mang'ola vinavyopakiwa kwenye malori kwenda masoko ya mbali hunyweshwa na chemchemi za Qangded. Mwananchi wa Mang'ola anayegombea zamu ya mfereji wakati wa kiangazi pengine hajawahi kuukanyaga msitu wa Ngorongoro, lakini shamba lake limefungwa kwenye msitu huo kama ndama kwa mama yake.

Hapa ndipo afya na biashara vinapokutana. Kahawa ya Oldeani, ngano na mbaazi za Karatu, vitunguu vya Mang'ola, hoteli zilizopangana barabara ya kwenda lango la Lodoare, mama lishe stendi, mwosha magari, zahanati inayotaka maji ya kunawa mikono kabla ya kuzalisha: wote wanakunywa mlima. Chemchemi ikipungua, hakuna anayesema "leo biashara imepata ugonjwa", lakini ndivyo ilivyo. Na maji yakiwa haba, kinachokatwa kwanza ni usafi. Watu hunywa na kupika kwa maji kidogo waliyonayo, kunawa mikono wakaacha. Baada ya hapo sisi wauguzi tunaona kuhara, trakoma na upele.

Mkaa unakula zaidi ya kuni

Wengine husema, "Mimi situmii kuni, mimi ni mtu wa mjini, natumia mkaa." Ndugu yangu, katika matanuru yetu ya udongo zinahitajika kilo sita hadi kumi za mti kupata kilo moja ya mkaa. Nguvu nyingi ya mti imeishia hewani porini kabla gunia halijafungwa. Moshi umepungua jikoni kwako, lakini umebaki kule ulikochomwa, na mti umekwenda. Kwa hesabu za Serikali, Tanzania hupoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka. Mashamba mapya ndiyo sababu kubwa, na kuni na mkaa ni sababu nyingine kubwa.

Vilevile tuwe wa kweli: si jiko la mama peke yake. Tanuru moja la matofali ya kuchoma humeza kuni ambazo zingepikia familia kwa muda mrefu. Pombe ya kienyeji huchemshwa kutwa nzima. Shule za bweni hupika maharage ya mamia ya wanafunzi. Ziko kambi za wageni ambako maji ya kuoga ya moto huchemshwa kwa kuni ili mgeni aoge mara mbili kwa siku. Si haki kumhubiria mama wa kijijini apunguze kijiti chake kimoja ilhali wenye fedha wanachoma magogo. Anayechoma kuni nyingi ndiye aanze, tena yeye ndiye mwenye uwezo wa kununua kitu kingine.

Serikali nayo imeliona hilo. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Januari 2024 ikawa mwezi wa kuanza. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni shabaha kubwa. Itatimia au haitatimia kwa kutegemea maamuzi ya nyumba moja moja, pamoja na bei atakayoikuta mama dukani.

Nini kinawezekana huku kwetu?

Gesi ya mtungi. Haina moshi wa kuumiza na huwaka mara moja. Shida yake ni kujaza tena. Huko India, kuanzia mwaka 2016 mamilioni ya familia maskini walisaidiwa kupata gesi, lakini wengi walirudi kwenye kuni mtungi ulipokwisha kwa sababu bei ya kujaza iliwashinda. Hapa nchini nako mitungi imegawiwa, mingine bure, mingine kwa ruzuku. Mtungi mtupu ukigeuka kuwa kiti cha wageni, haujamsaidia mtu. Kabla ya kununua, panga utajaza kwa fedha ipi. Wanaotumia mkaa wafanye hesabu hii: kwa mwezi mmoja andika daftarini kila kopo na kila sado ya mkaa uliyonunua. Mkaa wa kidogo kidogo hauonekani kuwa ghali kwa sababu fedha hutoka kidogo kidogo. Mwisho wa mwezi jumlisha, kisha ulinganishe na bei ya kujaza mtungi. Mama lishe wengi wakifanya hesabu hiyo watashangaa.

Umeme. Wengi huogopa kupikia umeme, na kwa jiko la zamani la koili hofu hiyo ina sababu. Lakini jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Maharage yanayokaa juu ya mafiga saa mbili au tatu huiva humo chini ya saa moja au karibu na hapo, kwa chini ya uniti moja. Kwa wenye umeme nyumbani, maharage na makande yapikwe humo, na hapo kuni nyingi kuliko zote zimeokolewa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme wa taifa. Lakini kumbuka kwamba nao ni umeme wa maji, na maji ya mito hulindwa na miti ya milima yake, kama chemchemi zetu zinavyolindwa na msitu wetu.

Gesi ya samadi. Hii inawafaa sana wafugaji wa ndani wa Karatu na Mbulu. Wairaqw wa Mama Isara wamesifika tangu zamani kwa kufuga ng'ombe zizini, kukusanya samadi na kulisha mashamba yao ya milimani, na hivyo kuutunza udongo mahali penye watu wengi. Gesi ya samadi ni hatua moja mbele ya ujuzi huo. Samadi na maji huingia katika shimo lililojengwa na kufunikwa, hewa hukusanyika na kwenda jikoni kwa bomba, na tope linalobaki bado ni mbolea nzuri. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikisanifu mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Unahitaji ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini na maji ya kutosha kila siku. Kwa mfugaji anayehama na ng'ombe haifai, tusidanganyane.

Jiko banifu lenye bomba la moshi. Kwa familia isiyo na umeme wala fedha ya gesi, hili ndilo la kuanzia. Katika wilaya ya Monduli wanawake wa Kimaasai wamejifunza kujenga majiko ya matofali yenye dohani ndani ya nyumba zao wenyewe. Joto hubaki ndani, moshi hutoka nje, kuni hupungua. Nilisema anayetaka tuache moto wa mafiga atuonyeshe badala yake. Hili ni jibu moja, kwa sababu baridi ya boma halijaisahau. Lakini jiko lililopasuka au dohani iliyoziba masizi haisaidii. Lisafishwe na kurekebishwa. Tena tukumbuke kwamba jiko hili hupunguza moshi, haliumalizi. Ni hatua ya njiani.

Popote mama atakapokaa

Tangu mwaka 2022 familia kadhaa zimehama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, na majadiliano juu ya kuhama huko ni marefu na yenye machungu. Ukurasa huu ni wa afya, nami nitasema neno moja tu la afya. Popote mama atakapokaa, ndani ya hifadhi, nje yake au mbali, jioni atapika. Mpango wowote wa kulinda mazingira usiomfikiria mama huyu atapika na nini ni mpango wenye pengo, na pengo hilo litajazwa kwa shoka.

Kinyume chake, mahali ambapo mwenyeji anapata faida ya mti uliosimama, mti husimama. Kusini mwa Ziwa Eyasi, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe wa vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono wamekuwa wakilinda msitu wao kwa mpango wa biashara ya hewa ya ukaa, na kupata malipo kwa sababu miti haikukatwa. Sehemu ya fedha hizo imesaidia matibabu na masomo ya watoto. Basi tunaona kwamba mti uliosimama unaweza kulipia hata dawa.

Tuanze wapi?

Usisubiri mradi. Mambo haya yanawezekana wiki hii:

1. Loweka maharage na mahindi ya makande tangu jana yake. Yataiva mapema na kuni zitapungua.

2. Funika sufuria. Sufuria isiyo na mfuniko inapasha moto paa la nyumba.

3. Pasua kuni ndogo na uzikaushe juani, kisha uzihifadhi pasiponyeshewa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

4. Toboa dirisha au tundu la juu jikoni, pande mbili zinazotazamana, ili moshi upite. Ikiwezekana jiko liwe nje ya nyumba ya kulala.

5. Mtoto akae mbali na moto wakati wa kupika. Mpe dada, bibi, au baba yake ambebe.

6. Panda miti ya kuni pembezoni mwa shamba. Grevilea hukua vizuri Karatu na hukatwa matawi bila kuuawa. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi kwa sababu hunywa maji mengi.

7. Kikundi cha akina mama kinaweza kuweka mzunguko wa jiko kama kinavyoweka wa vyombo: mwezi huu jiko la presha kwa mmoja, mwezi ujao kwa mwingine.

Neno kwa akina baba

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Katika nyumba nyingi anayepika ni mama, lakini anayeamua fedha ya mavuno itumike vipi ni baba. Vitunguu vikiuzwa, au ng'ombe akiuzwa, hununuliwa simu, redio, mabati, pikipiki. Jiko husahauliwa kwa sababu kuni huonekana ni za bure. Si za bure. Zinalipiwa kwa mgongo wa mkeo anayebeba mzigo huo, hata akiwa mjamzito. Zinalipiwa kwa saa ambazo binti angekuwa anasoma. Zinalipiwa kwa hofu ya kukutana na nyati au tembo kwenye kichaka. Na mwisho zinalipiwa dirishani kwa mhasibu wa hospitali, siku mtoto anapolazwa na nimonia, na hapo ndipo baba huuza ng'ombe ambaye bei yake ingetosha majiko kadhaa.

Baba mpendwa, jioni moja ingia jikoni, keti kwenye kigoda cha mkeo, ukae pale mpaka makande yaive. Usitoke nje kupunga hewa. Macho yako yatakueleza vizuri kuliko mimi.

Wale wenye kikohozi cha muda mrefu waje kituoni kupimwa, na waje wakijua kueleza wanapikia nini na wapi. Waganga na wauguzi wenzangu nao wawaulize wagonjwa swali hilo, kama tunavyouliza juu ya sigara. Dawa tutatoa, lakini mgonjwa akirudi kwenye moshi ule ule, dawa hiyo tunaimwaga chini.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutazungumzia shinikizo la damu. Hadi hapo, fungueni madirisha.